Mpe Pole, Usimpe Ahadi

Wenye nyumba wa Mombasa wakikutana barazani, mazungumzo yao hayatoki kwenye kodi. Nani hajalipa tangu mwezi juzi, nani kahama usiku akamwachia bawabu funguo na bili ya stima, nani kila ukimpigia simu yuko matangani. Habari ya moto haitajwi, wala ya maji, wala ya dari kumwangukia mtoto wa watu. Hayo huachiwa Mungu.

Na kwa hilo la kodi, niseme mapema ili msomaji asije akasoma mpaka mwisho akitarajia dawa: hati za kawaida za bima ya nyumba zinazouzwa kwetu hazikusaidii. Mpangaji asipolipa, kampuni ya bima haitalipa badala yake. Hapo kinga yako ni dipoziti, mkataba ulioandikwa vizuri, na kumuulizia mtu kabla hujampa funguo. Bima inahusu yale mengine, yasiyozungumzwa barazani.

Mimi nina fleti moja tu. Iko Tudor, ghorofa ya nne, vyumba viwili vya kulala, na ukisimama kwenye dirisha la jikoni unaliona hori. Niliinunua kwa mkopo wa sacco ya walimu na msaada wa ndugu yangu aliyeko Doha. Nataja sacco kwa sababu ndiyo iliyofanya nisisikie neno bima mpaka fleti ilipokuwa yangu tayari. Anayenunua kwa mkopo wa benki hana hiari: benki humtaka alete hati ya bima ya nyumba yenye jina la benki ndani yake, na bima ya maisha ya kulipa deni akifa. Wengi hudhani hapo wamemaliza. Lakini benki inalinda pesa zake. Nimeona hati ambayo kiasi kilichokatiwa bima ni salio la mkopo, na mkopo ukipungua kiasi nacho kinapungua, na mwenye nyumba anaamini ana kinga ya nyumba nzima.

Nilipoamua kupangisha, nilikwenda kwa wakala mmoja mzee mwenye ofisi ghorofani karibu na Digo Road. Niliingia nikiuliza bei. Yeye akaanza kunihoji. Kuta za nje ni za nani? Paa ni la nani? Na tangi la maji la juu? Lile bomba linaloshuka kutoka ghorofa ya juu kabisa likipita nyuma ya sinki lako? Makabati ya jikoni uliyakuta au uliyatia wewe? Jokofu utaliacha humo? Bawabu wa geti ameajiriwa na nani? Mengine niliyajibu, mengine sikuyajua.

"Basi nenda kayaulize kwanza, Mwalimu," akasema. "Siwezi kukuuzia bima ya kitu usichojua ni cha nani."

Nilimwona mzee msumbufu. Lakini yote niliyoyaelewa baadaye kuhusu bima ya nyumba ya kupangisha yalitokana na maswali yale. Watu huanza na bei, kisha kampuni gani, kisha kama wanalipa kweli. Swali la kwanza ni hili la kitu ni cha nani, na kikiharibika au kikimdhuru mtu, nani wa kuulizwa.

Kwenye fleti swali hilo ni gumu kuliko kwenye nyumba ya peke yake. Zamani fleti nyingi za Kenya zilimilikiwa kwa hati ya upangaji wa miaka mingi, na jengo likawa chini ya kampuni ya usimamizi ambayo kila mwenye fleti ana hisa ndani yake. Sheria ya mwaka 2020 ya kumiliki sehemu za majengo, iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo, inataka kila fleti iwe na hati yake yenyewe, na wamiliki wote waunde shirika la kusimamia vilivyo vya pamoja: ngazi, paa, lifti, mabomba makuu, ua. Kulikatia jengo zima bima ni kazi ya shirika hilo, au kampuni ya usimamizi kwa majengo ambayo bado yako kwenye utaratibu wa zamani, na pesa zinatoka kwenye ada ya huduma tunayoilipa kila mwezi huku tukinung'unika.

Kwenye mkutano wa wamiliki niliomba kuiona hati ya jengo letu. Katibu alistaajabu. Hakuna aliyewahi kuiomba. Ilipatikana siku kadhaa baadaye, ndani ya faili la risiti za fundi wa lifti, na ilikuwa hai, alhamdulillahi. Lakini kiasi kilichoandikwa kilikuwa kilekile cha tangu jengo lilipokamilika. Saruji imepanda bei, nondo zimepanda, fundi amepanda, hati haijapanda.

Hapa ndipo penye mtego unaowanasa wengi, nami nitaueleza kwa tarakimu. Tuseme kulijenga upya jengo zima leo kungegharimu shilingi milioni 60, na hati inasema milioni 30. Moto unaunguza ghorofa ya juu na hasara ni milioni 4. Mtu wa kawaida atasema milioni 4 ziko ndani ya 30, basi tutalipwa zote. Sivyo. Kampuni itasema: mmekata bima ya nusu ya jengo, kwa hiyo nusu nyingine mmejikatia wenyewe. Italipa milioni 2. Mbili zilizobaki zitachangwa na wenye fleti, akiwamo yule wa ghorofa ya kwanza ambaye hata moshi hakuunusa. Nilipoyasema haya mkutanoni, mmoja wetu alisema huo ni wizi. Naona si wizi, kwa kuwa malipo tuliyokuwa tukitoa kila mwaka nayo yalikuwa ya nusu ya jengo. Ni haki inayouma, na imeandikwa kwenye hati kwa herufi ndogo. Kiasi kilipandishwa baada ya mabishano, na ada ya huduma ikapanda kidogo.

Kuna kosa la upande wa pili, na watu wa Kizingo na Nyali ndio hulifanya zaidi. Fleti imenunuliwa kwa milioni 15 kwa sababu inatazama bahari, basi mwenyewe anaikatia bima ya milioni 15. Moto hauunguzi bahari wala kiwanja. Kampuni hulipa gharama ya kujenga upya, pamoja na kuondoa kifusi na ada za wachoraji ramani na wakadiriaji ikiwa zimehesabiwa. Kama kujenga upya ni milioni 6, zile 9 za juu umezilipia bure kila mwaka. Mthamini mwenye leseni atakuandikia gharama ya kujenga upya mbali na bei ya soko, ukimwambia unataka ya bima. Usipomwambia, atakuandikia ya soko.

Jambo hili linawahusu hata wale wa nyumba bila ardhi, utaratibu wetu wa pwani ambapo kuta ni zako na kiwanja ni cha mtu mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Ami yangu ana nyumba ya namna hiyo Majengo, yenye vyumba vya kupangisha, na kwa miaka alidhani hawezi kuikatia bima kwa kuwa hana hati ya kiwanja. Anaweza. Nyumba ni yake, ikiungua hasara ni yake, na hilo ndilo bima inalolitazama, mradi awe na karatasi za kuthibitisha na aseme ukweli kuhusu kiwanja tangu mwanzo.

Kwa wenye nyumba za kukaa, kampuni nyingi za Kenya huuza bima ya mkusanyiko yenye sehemu zinazopewa herufi. A ni jengo. B ni vyombo vya ndani. C ni vitu vya thamani unavyotembea navyo, kama kompyuta na vito. D ni wafanyakazi wa nyumbani, chini ya sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini. E ni dhima ya mwenye nyumba, yaani mtu mwingine akidhurika kwa sababu ya jengo lako. F ni dhima ya anayeishi humo, yaani mtu akidhurika kwa uzembe wa mkaaji. Mwenye kupangisha hazihitaji zote, na wakala asiye mwaminifu atakuuzia zote. C na F ni za mpangaji. D itakuhusu ukiwa umemwajiri wewe bawabu au mfagiaji. E ni yako, usiiache. A ni yako nzima kama nyumba ni ya peke yake. Kama ni fleti ambayo jengo lina hati yake, unakata ya ndani tu: makabati, vigae ulivyobadilisha, hita, milango uliyoitia. Ukikata A nzima juu ya ile ya jengo, umelipa mara mbili, na siku ya hasara kampuni mbili zitagawana mzigo, wewe utapata fidia moja. B ni ya vitu vyako unavyomwachia mpangaji. Vitu vyake yeye havimo, hata viwe vinagusana na vyako.

Bei? Kwa nyumba ya peke yake ambayo kujengwa kwake ni milioni 5, kiwango nilichotajiwa cha sehemu A kilikuwa asilimia 0.15, yaani shilingi 7,500 kwa mwaka. Juu yake kuna asilimia 0.2 ya mafunzo ya sekta, asilimia 0.25 ya mfuko wa kufidia wenye bima, na shilingi 40 za stempu. Haifiki 7,600. Vyombo ni ghali zaidi, karibu asilimia 1 ya thamani yake, kwa kuwa vinaibika. Kodi ya mwezi mmoja ya fleti ya Tudor inayalipa hayo na chenji inabaki. Ila usitegemee kuyakata kwenye kodi ya serikali. Kodi ya mapato ya nyumba za kukaa, ambayo ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, inatozwa kwenye pato zima kabla ya gharama yoyote. KRA hawataki kusikia habari za bima yako wala za fundi bomba.

Nilipomweleza shangazi yangu kwamba nimekwenda kuulizia bima, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Mwaka ukiisha na nyumba haikuungua, pesa zako ziko wapi?"

"Zimekwenda, shangazi."

"Na ikiungua, unalipwa mara mia ya ulichotoa. Sasa, mwanangu, hiyo tofauti yake na kamari ni ipi?"

Swali lake si la mtu asiyejua. Baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah mwaka 1985 likasema karibu hayohayo: bima ya kibiashara ya malipo maalumu ina utata unaoiharibu, na badala yake wakapendekeza bima ya ushirikiano, ambayo watu huchanga kwa nia ya kusaidiana. Hiyo ndiyo takaful, na Kenya imekuwa na kampuni ya takaful tangu 2011. Michango huwekwa kwenye mfuko wa washiriki, msimamizi analipwa ujira wake, fedha haziwekezwi kwenye riba, na mwaka ukiisha na ziada ikibaki, washiriki hurudishiwa sehemu. Shangazi aliridhika, nami nikaikata huko. Kwa kinga yenyewe, maneno ya hati yanafanana sana na ya kampuni nyingine: majanga yaleyale, vizuizi vilevile, na hilo la nusu ya jengo limo vilevile. Anayedhani takaful humsamehe mtu kusoma hati amejidanganya.

Sasa nieleze usiku wa maji.

Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali, Mzima kule Taita na Baricho kule Kilifi, na hayaji kila siku. Kila nyumba ina mapipa na madumu, na kila mtu ana tabia ya kufungua mfereji kuangalia kama yamekuja. Mpangaji wangu, kijana wa kazi za kutoa mizigo bandarini, alifungua ule wa jikoni asubuhi, pakavu. Yeye na mkewe wakaondoka kwenda harusini Malindi na mfereji uko wazi, na sahani imelala juu ya tundu la sinki. Maji yakaja baada ya saa sita usiku.

Chini yao anaishi mama mmoja muuza leso. Hana duka. Leso zake huziweka sebuleni, katoni juu ya katoni, na wateja wanamfuata nyumbani. Alipoamka kwa adhana ya alfajiri, kipande cha dari kilikuwa kimekwisha anguka juu ya runinga, na maji yalikuwa yakishuka ukutani juu ya katoni. Zile za juu zilikuwa zimetoa rangi, nyekundu imeingia nyeupe.

Bawabu alinipigia, nami nikiwa njiani nikampigia wakala. Sikutarajia apokee saa ile, lakini alipokea. Akasikiliza, akauliza kama kuna aliyeumia, kisha akasema, "Ukifika, mpe pole. Usimpe ahadi."

Nikamwambia sijamwelewa.

"Usiseme utalipa. Usiseme kosa ni lako wala la mpangaji wako. Soma hati yako, imo. Ukikiri au ukiahidi kabla kampuni haijaridhia, wanaweza kukataa kulipa."

Mimi nimekulia Mji wa Kale, ambako paa la huyu ni ukuta wa yule. Maji yako yakiingia kwa jirani, unakwenda, unasema ni langu, nisamehe, nitalitengeneza. Neno hilo ndilo linalozuia ugomvi usifike kwa watoto wenu. Na hapa nasimama mlangoni kwa mama wa watu, mali yake imelowa, ananiangalia na kuuliza, "Mwalimu, nani atanilipa?" na mdomo wangu umefungwa na karatasi.

Nimelifikiria sana sharti lile tangu siku hiyo. Sababu yake naielewa. Kampuni ndiyo itakayotoa pesa, na haiwezi kufungwa na ukarimu wa mtu mwingine. Isitoshe, asubuhi ile mimi sikujua nini kilisababisha nini, kwa hiyo kukiri kwangu kungekuwa kukiri nisichokijua. Lakini limeandikwa na watu wasiokuwa na jirani chini yao. Nilichokigundua ni kwamba linakataza maneno na malipo, halikatazi mikono. Nilifunga maji. Nilimwita fundi bomba. Tulibeba katoni mpaka juu ya paa, tukazitandaza leso zote, mpaka majirani wakafikiri kuna maulidi. Mke wangu alileta chai na mahamri. Tulipiga picha za kila kitu kabla ya kugusa, na mama akaandika idadi ya leso kwa mkono wake mwenyewe. Na kuhusu swali lake nilimjibu, "Dada, hili halitapita hivihivi. Watakuja wa bima, na mimi nitakuwapo." Hiyo si ahadi ya malipo, na wala si uongo.

Mkadiriaji wa hasara alipokuja alikuwa kijana mpole mwenye buti zisizostahili joto la Mombasa. Nilidhani atatazama makabati yaliyovimba na kuandika bei. Akaanza na maswali yaleyale ya wakala: hiki ni cha nani? Mfereji uliachwa wazi na mpangaji. Sinki ni langu. Lakini jikoni pana tundu la sakafuni la kupitishia maji, na lilipaswa kuyachukua yale yaliyomwagika. Alimwaga ndoo, maji yakasimama. Fundi akafungua, akaona kizibo kiko mbele zaidi, kwenye bomba kuu la jengo: mabaki ya saruji ya mtu aliyetia vigae ghorofa fulani akaosha ndoo zake humo. Hakujulikana ni nani.

Matokeo yakawa hivi. Makabati yangu yalilipwa, kwa kuwa maji kufurika kutoka kwenye mabomba na mifereji ni janga lililotajwa kwenye hati, wakakata ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mwenye bima hujibebea. Dari la mama wa chini lilirekebishwa kwa bima ya jengo. Leso hazikulipwa na yeyote. Mimi sikuonekana na uzembe, kwa hiyo dhima yangu ya mwenye nyumba haikuamka. Uzembe wa mfereji ulikuwa wa mpangaji, na sehemu F ingemlipia, lakini hakuwa na bima ya aina yoyote. Mama naye alikuwa na bima ya vyombo vya nyumbani kupitia mwanawe, na hiyo ikasema leso ni bidhaa za biashara, si vyombo. Runinga wakailipa.

Leso zilimalizwa kwa kikao. Tulikaa kwa mwenyekiti wa jengo: mpangaji, mama, mimi, na mzee mmoja wa msikitini. Jengo likatoa sehemu kwa sababu ya bomba lake, kijana akalipa iliyobaki kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Leso zilizotoa rangi mama aliziuza kwa bei ya kutupa, na nasikia ziliisha upesi.

Sikudai kodi kamili mwezi ule, maana hawakuwa na jiko. Hati yangu ilikuwa na kinga ya kodi inayopotea, nikaiulizia. Jibu likawa kwamba inalipa nyumba isipokalika kwa sababu ya janga lililotajwa, kama vile moto, mpaka itengenezwe. Nyumba isiyo na makabati inakalika. Sikubishana nao. Wenzangu wengi hulipia kinga hiyo wakidhani ni ya mpangaji mkaidi.

Kisha likaja nililokuwa sijaambiwa. Kampuni ikishakulipa, inachukua haki yako ya kumdai aliyesababisha hasara. Siku moja jioni mpangaji alikuja kwangu na barua mkononi, hakukaa hata nilipomkaribisha. "Mwalimu, umenishtaki?" Barua ilikuwa ya kumtaka aeleze na alipe gharama ya makabati. Ilinichukua muda kumweleza kwamba mimi sikuiandika wala sina uwezo wa kuizuia. Waliishia kumwacha, nadhani kwa kuwa kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, lakini uso wake wa jioni ile nimeuweka moyoni. Tangu hapo, kila mpangaji mpya namwambia kabla hajatia saini: bima yangu inanilinda mimi, na ikibidi itakudai wewe. Kata yako, ya vyombo vyako na ya dhima yako. Baadhi hukata, wengi hutabasamu.

Yako mambo ambayo hakuna sehemu yenye herufi itakayoyalipa, na ya kwanza kwetu ni chumvi. Upepo wa bahari unakula nondo, zege linamenyeka, siku moja unaona chuma kinachungulia kwenye roshani. Huko ni kuchakaa, na kuchakaa hakuna bima. Jengo bovu halina bima pia. Lile la Huruma, Nairobi, lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50, lilikuwa limekwisha tajwa kuwa ni la kubomolewa. Fujo za kisiasa nazo haziko kwenye hati ya kawaida, huuzwa peke yake, somo ambalo wafanyabiashara walilipata baada ya uchaguzi wa 2007. Wizi hulipwa pakiwa na dalili ya kuvunja, kwa hiyo mpangaji akihama na jokofu lako kwa funguo ulizompa mwenyewe, uko peke yako. Na fleti ikikaa tupu, kwa kawaida zaidi ya siku 30, kinga ya wizi na ya maji husimama usipowaarifu. Waarifu pia ukigeuza kutoka mpangaji wa mwaka kwenda wageni wa wiki, kama wafanyavyo sasa huko Bamburi. Kampuni iliyoambiwa anakaa mwenye nyumba, au familia moja, ikagundua siku ya hasara kwamba ni nyumba ya wageni, ina njia nyeupe ya kukataa.

Kuhusu kulipa ni kifupi. Sheria ya bima ya Kenya haitambui kinga ambayo malipo yake hayajafika kwa kampuni. Pesa zilizo mfukoni mwa wakala, hata awe mwema kiasi gani, bado hazijakukatia kitu. Lipa kwa namba ya kampuni yenyewe, udai risiti ya kampuni. Na kampuni hufa: Kenya National Assurance, iliyokuwa ya serikali, ilifungwa 1996. Mfuko wa kufidia wenye bima uliwekwa kwa ajili hiyo, ila kikomo chake kilichojulikana kwa miaka ni shilingi 250,000 kwa dai moja, na hizo hazijengi hata jiko na choo.

Yule wakala mzee amestaafu, ofisi anayo mwanawe. Bado namuuliza mzee mambo, na bado hujibu kwa maswali.

Kwa hiyo wewe mwenye fleti, kabla hujamtafuta wakala, nenda kwa katibu wa jengo lenu wiki hii uombe nakala ya hati ya bima ya jengo. Tazama tarehe inapoisha, tazama kiasi, tazama kama mabomba makuu yametajwa. Akikwambia hakuna aliyewahi kuiomba, mwambie wewe unaiomba, na ada ya huduma unalipa kila mwezi.